Nguzo Mia na Moja

Rahabu Msangi alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda nguzo ya umeme kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kijiji cha Kifaru, kwenye laini mpya iliyokuwa inapelekwa kwenye mashine ya kusaga, na wanaume wanne waliokuwa chini waliacha kazi zao ili wamtazame akianguka. Hakuanguka. Alifika juu, akafunga mkanda, akakaza nati zote alizotumwa kukaza, kisha akainama na kuwauliza kama wameshamaliza kutazama. Kuanzia siku hiyo wakamwita Shoti, na alipozaa akawa Mama Shoti, kwa sababu ukimgusa vibaya anawaka.

Alizaliwa Lembeni, nyumba ya tatu kutoka relini. Baba yake alikuwa ameshuka kutoka Ugweno kutafuta kibarua, na hakurudi tena kule kwenye migomba. Rahabu alipanda nguzo kwa miaka kumi na minane, chini ya wakandarasi watano tofauti, mpaka siku moja nguzo iliyooza kwa ndani ilipovunjika naye akiwa juu. Goti la kulia halikupona vizuri. Alipewa pole na barua ya shukrani. Aliichana ile barua mbele ya aliyemletea, akaenda Moshi kusomea kuchora kwa kompyuta, na akiwa na miaka arobaini na miwili akaajiriwa kwa mkataba Same, kama fundi sanifu wa umeme kwenye ofisi ya mradi wa kujenga upya barabara moja ya mjini.

Barabara yenyewe tunaiita ya Mnadani. Ina kilomita tatu kamili. Inaanzia juu, kwenye hoteli, benki na ofisi, inavuka reli katikati, halafu inashuka kwenye zahanati, inapita mnada wa mifugo na kuishia pale njia ya vumbi inapoingia nyikani kwa wafugaji. Kabla ya mradi ilikuwa mashimo matupu. Mradi ulikuwa ulete lami, mitaro, njia ya waenda kwa miguu na taa za barabarani. Kazi ya Rahabu ilikuwa kupanga taa zikae wapi.

Wengine wangeifanya kazi hiyo mezani. Unachukua urefu wa barabara, unaugawa kwa umbali wa nguzo, basi. Rahabu aliifanya kwa miguu. Alisukuma gurudumu la kupimia kutoka juu mpaka chini, goti likimuuma, upepo wa Same ukimjaza vumbi machoni, akaandika kila kalvati, kila waya wa juu, kila geti la nyumba. Halafu kila jioni kwa wiki mbili, jua likishazama nyikani, alikaa mahali tofauti na daftari lake na kuhesabu watu wanaopita kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Upande wa juu wa reli walipita watu, lakini maduka na hoteli yalikuwa na taa zao, unaweza hata kuokota sindano. Upande wa chini wa reli walipita watu karibu mara mbili ya hao, gizani kabisa. Akina mama waliobeba watoto wakienda zahanati. Wachuuzi. Wachungaji. Pikipiki zenye taa mbovu.

Jioni moja alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na mnada, pale malori ya ng'ombe yanapoegeshwa. Mwanamke kijana wa Kimaasai akaja amebeba madumu matupu ya maziwa mgongoni. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka sokoni?"

"Ndiyo. Wewe unahesabu ng'ombe?"

"Nahesabu watu."

"Watu wanahesabiwa kwa nini?"

"Ili wawekewe taa."

Yule mwanamke akacheka kwa nguvu mpaka madumu yakagongana. Jina lake lilikuwa Naanyu. Kila siku alitembea kutoka boma la baba mkwe wake, mzee Saning'o, akauza maziwa mjini, akarudi jioni. Alitaka kuonyeshwa taa zitakaa wapi. Rahabu akamwonyesha upande wa kushoto wa barabara, kwa sababu hakukuwa na mtaro mkubwa huko na waya ungepita kirahisi.

Naanyu akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Malori yanalala huo upande. Lori ni refu. Taa ikiwa nyuma ya lori, sisi wa upande huu tunabaki kwenye kivuli chake. Na wale wanaotusumbua wanasimama hapo hapo kwenye kivuli."

"Wanawasumbua namna gani?"

"Wanatushika," Naanyu alisema, kama mtu anayetaja bei ya maziwa. "Mwaka jana wifi yangu walimwangusha. Sasa hapiti tena."

Rahabu alirudi nyumbani na maneno hayo na hakula. Kesho yake akahamisha nguzo zote za kipande kile kwenda upande wa kulia, akachora upya njia ya waya, akaongeza kalvati dogo la kupitishia waya chini ya barabara. Akashuka mwenyewe na kopo la rangi nyeupe, akaweka alama ya msalaba na namba kila mahali nguzo itakapochimbiwa. Naanyu alimkuta huko akiwa amepiga magoti. Alisimama pembeni, akamwonyesha kwa mguu mahali maji ya mvua yanapochimba, na mahali ambapo ng'ombe hukatisha. Kila alichosema kiliingia kwenye mchoro.

Mchoro ukatoka na nguzo mia na moja, kila moja mita thelathini kutoka kwa mwenzake, kuanzia hotelini mpaka njia ya vumbi. Mhandisi mshauri wa mradi alikuwa kijana aitwaye Fredrick, ametoka Dodoma, mpole, mwenye kompyuta nzuri. Alipiga hesabu za mwanga siku mbili.

"Mama, iko sawa," alimwambia Rahabu. "Kwa taa hizi na nguzo ya mita tisa, mita thelathini zinatosha barabara nzima. Hakuna doa la giza."

Akasaini. Rahabu akasaini. Mchoro ukaenda kwa mkuu wa ofisi ya mradi, Mhandisi Wilbard.

Wakati huo sehemu ya juu ya barabara ilikuwa bado inashindiliwa kifusi, kwa hiyo mkandarasi alianza kuchimba misingi ya nguzo kutoka chini. Ndani ya siku tisa alikuwa amechimba mashimo ishirini na mawili, kuanzia namba mia na moja kurudi themanini. Kila shimo lilikuwa na kina cha mita moja na nusu, limechimbwa sawasawa kabisa kwenye msalaba mweupe. Rahabu aliyapitia moja moja akipima kwa utepe, akaridhika. Siku ya Alhamisi mashine ikaondoka. Akadhani simenti imechelewa.

Jumatatu akakuta mchoro mpya mezani kwake.

Nguzo zilikuwa mia na moja vilevile. Ila zote zilikuwa juu ya reli. Zilikuwa zimesogezwa zikawa mita kumi na tano kutoka nguzo mpaka nguzo, kama meno ya chanuo, na chini ya reli palikuwa peupe, hakuna hata kitone. Pembeni, kwenye kisanduku cha majina, paliandikwa: *Umechorwa na R. Msangi.*

Aliusoma mara mbili. Akaukunja mchoro, akaingia kwa Wilbard bila kubisha hodi.

"Nani amechora hii?"

Wilbard alivua miwani. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, anayependa kuongea polepole ili wengine wajione wana haraka. "Karibu, mama Rahabu. Kaa kwanza."

"Sikai. Nani amechora?"

"Ni marekebisho ya kawaida. Uzinduzi utafanyika pale juu. Wageni watashukia pale, picha zitapigwa pale. Mji lazima uwe na sura."

"Na huku chini hauna sura?"

"Huku chini ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ina tarehe?"

"Mipango inaendelea."

"Mhandisi, nimekuuliza tarehe. Ina mchoro? Ina karatasi hata moja humu ofisini yenye maneno awamu ya pili?"

Wilbard akavaa miwani tena. Karatasi hiyo haikuwepo.

"Mita kumi na tano!" Rahabu alisema. "Hata uwanja wa mpira hauwekwi taa hivyo. Watu watatembea wamefumba macho. Na mashimo yaliyochimbwa kule?"

"Mkandarasi atayafukia."

"Lini?"

"Mama Rahabu, wewe ni fundi sanifu. Umefanya kazi yako vizuri na tunashukuru. Maamuzi ni ngazi nyingine."

"Basi futa jina langu."

"Kompyuta imelinakili tu. Si tatizo."

"Kwangu ni tatizo. Lifute."

Hakulifuta. Rahabu alichukua kalamu ya wino mezani kwa Wilbard na kulikata mwenyewe kwenye nakala ile, mistari mitatu mizito mpaka karatasi ikatoboka, akaiacha pale. Lakini zilikuwepo nakala nyingine sita, na kwenye hizo zote jina lilibaki.

Wiki mbili zilizofuata alipigania mashimo. Alimwandikia Wilbard dokezo kwamba yafukiwe au yazungushiwe uzio. Hakupata jibu. Akaandika la pili. Akamfuata msimamizi wa mkandarasi kwenye kambi yao, akamkuta anakunywa chai chini ya turubai.

"Mimi sina maelekezo," msimamizi alisema. "Kuchimba nililipwa. Kufukia hakumo kwenye kazi niliyopewa."

"Kwa hiyo mtu akitumbukia?"

"Akiangalia anakokwenda hatumbukii."

Rahabu alimtazama mpaka akaacha kunywa chai. Kisha akaenda sokoni, akanunua khanga nyekundu iliyochujuka kwa muuza mitumba, akaichana vipande, akakata vijiti na kwenda kufunga uzio mwenyewe kwenye mashimo yote ishirini na mawili. Ilimchukua Jumamosi nzima. Ibada ya Jumapili hakuikumbuka hata kidogo, alikuwa anawaza vijiti. Na alikuwa na sababu, kwa sababu upepo wa Same haukawii. Mpaka Jumanne nusu ya vitambaa vilikuwa vimenasa kwenye miiba ng'ambo ya barabara, na mbuzi wamekula vingine. Akafunga tena. Vikang'oka tena. Akaandika dokezo la tatu, safari hii kwa herufi kubwa.

Jumatano ya wiki iliyofuata, dereva mmoja wa bodaboda alimsimamisha nje ya ofisi asubuhi. "Mama Shoti, umesikia? Yule dada wa maziwa ameingia kwenye shimo lenu jana jioni. Amekaa humo mpaka watu wa mnadani waliposikia anaita."

*Shimo lenu.* Rahabu hakumwuliza ni dada yupi. Alipanda ile pikipiki na kumwambia ampeleke hospitali.

Naanyu alikuwa wodini, mguu wa kushoto umefungwa kuanzia pajani. Mfupa ulikuwa umevunjika mara mbili. Shavu lilikuwa limechubuka hadi sikioni. Mzee Saning'o alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alijibu, bila kumtazama.

Naanyu ndiye aliyemtazama, na hakusalimia.

"Ni pale ulipopaka rangi," alisema. "Tisini na nne. Mimi ndiye nilikuambia uhamishie upande ule. Ulisema utaweka taa. Ukaweka shimo."

Rahabu alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, kwamba si yeye, kwamba aliandika, kwamba alifunga vitambaa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa na maana mbele ya mguu ule.

"Ndiyo," akasema. "Ni hapo."

"Nani atakamua? Nani atauza?" Naanyu alisema, sauti ikapanda. "Watoto wangu wanakunywa uji kwa maziwa yale, na daftari la shule ni maziwa yale. Miezi minne, daktari amesema. Nenda. Mama, nenda tu."

Rahabu akatoka. Alisimama nje karibu na bomba la maji. Hofu aliijua, alishaning'inia kwenye nguzo iliyovunjika. Hii haikuwa hofu. Alitaka kumshika mtu kola. Alitaka kumshika Wilbard kola, na msimamizi wa chai, na kila aliyeugusa ule mchoro, awasogeze mpaka kwenye ukingo wa shimo namba tisini na nne. Na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwamba alikuwa amepoteza siku kumi na tano akiandika madokezo kwa watu waliokuwa hawasomi.

Ijumaa ile palikuwa na mkutano wa wananchi kwenye uwanja wa shule ya msingi, saa nne asubuhi. Ofisi ya mradi ilikuwa ieleze maendeleo ya barabara kabla ya uzinduzi. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Gadiel, ndiye aliyeongoza. Wilbard alikaa meza kuu, na Fredrick pembeni yake. Waliokuja walikuwa karibu mia mbili, wengi wao wa chini ya reli. Mzee Saning'o naye alikuja na wanaume sita wa nyikani, wakasimama nyuma kabisa.

Wilbard aliongea nusu saa. Alitaja lami, alitaja mitaro, alitaja taa mia na moja za kisasa. Watu wakapiga makofi kidogo. Mzee Gadiel akauliza kama kuna swali.

Rahabu akainuka katikati ya akina mama. Alikuwa na michoro miwili mikubwa chini ya kwapa na gundi ya karatasi mkononi. Hakwenda meza kuu. Alikwenda kwenye ukuta wa darasa la nne, akabandika mchoro wa kwanza, akabandika wa pili kando yake.

"Mama Rahabu," Wilbard aliita, "hizo ni nyaraka za ofisi."

"Ni barabara ya hawa watu," Rahabu alijibu bila kugeuka. Kisha akawageukia wananchi. "Mimi ni fundi sanifu wa mradi huu. Mchoro huu wa kushoto ni wangu. Kila nukta ni taa. Zihesabuni, ziko mia na moja, zinaanzia hotelini mpaka mnadani na kuendelea. Huu wa kulia una jina langu lakini si wangu. Nao una taa mia na moja. Sogeeni mwone ziko wapi."

Watu wakasogea. Mwanzoni ilikuwa minong'ono. Halafu mama mmoja muuza ndizi akasema kwa sauti, "Huku kwetu hakuna hata moja!" na uwanja ukalipuka.

Mzee Gadiel aligonga meza mpaka wakanyamaza. "Mhandisi, ni kweli?"

"Sehemu ya chini ni awamu ya pili," Wilbard alisema. "Ni suala la kitaalamu. Sehemu ya juu inahitaji mwanga mwingi zaidi. Huyu mama ana hasira zake binafsi, wote tunamfahamu."

"Ndiyo, nina hasira!" Rahabu alisema, na sauti yake ikafika barabarani. "Nina hasira, na wewe ungekuwa nayo kama ungekuwa mtu! Kuna mwanamke yuko wodini mguu umevunjika mara mbili kwa sababu ya shimo tulilochimba sisi na kuliacha wazi. Nimekuandikia mara tatu. Hukujibu hata mara moja! Unasema kitaalamu. Mtaalamu amekaa kando yako hapo. Muulize yeye."

Macho yote yakahamia kwa Fredrick. Kijana alikuwa amekazia macho mikono yake. Alikuwa na mkataba, alikuwa na mke mjamzito Dodoma, na Rahabu alijua hayo yote alipomtaja. Hakumwonea huruma.

"Injinia," mzee Gadiel alisema kwa upole, "pale juu zinahitajika taa ngapi?"

Wilbard alimnong'oneza kitu. Kisha Fredrick akainuka, akasema kwa sauti ndogo, "Hamsini na moja. Kwa mita thelathini zinatosha. Nilipiga hesabu mwenyewe." Akakohoa. "Ya mita kumi na tano sikupiga mimi. Na sikukataa. Nilipaswa kukataa."

Mkutano haukuisha salama. Viti vilianguka, na Wilbard alitolewa kupitia ofisi ya mwalimu mkuu. Mchana ule ule mashimo yalifukiwa, na wananchi wenyewe ndio waliofukia, kwa majembe na koleo, wanaume wa nyikani na wauza ndizi pamoja. Rahabu alifukia la tisini na nne peke yake na hakutaka msaada.

Ingekuwa vizuri kusema taa zote zilishuka chini. Hazikushuka. Wiki iliyofuata vikao viliitwa ambavyo Rahabu hakualikwa, na uamuzi uliotoka ulikuwa wa kugawa. Juu zingekaa kila baada ya mita ishirini, kwa sababu ya heshima ya wageni, na hizo zilimeza nguzo sabini na sita. Ishirini na tano zilizobaki ndizo zilizokwenda chini ya reli, kwenye kilomita moja na nusu. Aliyempelekea habari ni Fredrick, amesimama mlangoni bila kuingia.

"Wamesema mimi na wewe tupange zitakapokaa, mama."

"Tuzitawanye mita sitini?"

"Nimejaribu kwenye kompyuta. Katikati ya kila taa panabaki giza. Linakuwa baya zaidi, jicho linatoka kwenye mwanga halioni kitu."

Rahabu alijua. Alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kichwani kabla hajaisikia. Kwa mita thelathini, nguzo ishirini na tano zinafika nusu ya njia tu. Ni ama kipande cha zahanati, ama kipande cha mnada. Alifungua daftari lake la jioni zile. Kipande cha zahanati kilikuwa na watu wengi zaidi, wajawazito, wagonjwa, watoto. Kipande cha mnada kilikuwa na wachache, wengi wao wachungaji na wauza maziwa. Namba alizozikusanya mwenyewe, kwa mkono wake, zilikuwa zinasema wazi.

Alikaa nazo siku nzima. Alipiga meza kwa ngumi mara moja, kikombe kikaruka. Ndivyo walivyokuwa wamemfanyia. Walikuwa wamechukua zao kwanza, halafu wakamwachia yeye kazi ya kuchagua nani abaki gizani, ili lawama ibaki chini ya reli. Jioni akachora. Zahanati. Nguzo ya mwisho ikaangukia mbele ya duka la dawa za mifugo.

Barabara ilizinduliwa Machi. Rahabu hakwenda. Wakati huo alikuwa ameshapewa onyo la maandishi kwa kutoa nyaraka bila idhini, na kuhamishiwa stoo ya vibao na rangi, na mkataba wake ulipokwisha Juni hakuna aliyeutaja tena. Sasa anafunga umeme wa majumbani, na goti lake halimruhusu kupanda ngazi ndefu. Wilbard alihamishwa wilaya nyingine akiwa na cheo kile kile. Fredrick alimaliza kazi yake akarudi kwao.

Kabla ya taa kuwashwa, Rahabu alikwenda kwenye boma la mzee Saning'o. Hakutaka Naanyu aone mwenyewe kwanza. Alimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mguu umenyooshwa, anatunga shanga. Mguu ulikuwa umeunga, lakini ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Safari hii alisalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sijaleta habari nzuri." Rahabu alikaa chini kwenye vumbi. "Taa zinaishia duka la dawa za mifugo. Hazifiki mnadani. Hazifiki pale ulipoanguka."

Naanyu aliweka shanga pembeni. "Nani ameamua ziishie hapo?"

"Ishirini na tano waliamua wakubwa. Lakini mahali pa kuishia nimechagua mimi. Wanaokwenda zahanati ni wengi kuliko nyie."

"Ulituhesabu, ukakuta sisi wachache."

"Ndiyo."

Naanyu alisema maneno makali kwa Kimaasai, marefu, na mzee Saning'o aliyekuwa zizini akageuza kichwa. Rahabu hakuelewa hata moja na alielewa yote. Hakujitetea.

Ng'ombe wakaanza kuingia. Naanyu akafuta uso kwa shuka lake.

"Yale uliyowaandikia hayakusomwa," alisema, "kwa sababu uliandika habari za mashimo. Andika habari zangu. Una karatasi?"

Rahabu alikuwa nayo. Hakuwahi kutembea bila daftari. Akaliweka kwenye goti lake zima.

"Andika: mimi Naanyu, mke wa Lemayani, wa boma la Saning'o. Natembea na mguu mfupi kwa sababu ya nguzo ambayo haikuwekwa. Nataka taa ishirini na tano zaidi. Sitaki pole." Akasubiri mpaka kalamu imfikie. "Umeandika sitaki pole?"

"Nimeandika."

"Lipigie mstari."

Rahabu akalipigia mstari, mara mbili. Naanyu akachovya kidole kwenye wino wa kalamu aliyoivunja Rahabu kwa makusudi, akakandamiza chini ya jina. Kesho yake walikwenda pamoja kwa bodaboda kuipeleka karatasi ile ofisi ya mradi, Naanyu amekaa upande na fimbo yake, na hawakuondoka dirishani mpaka karani alipoisoma yote kwa sauti na kuigonga muhuri mbele yao.